Gavana von Götzen: maisha ya mtawala aliyeifanya njaa kuwa silaha Kilwa na Lindi

Waamini wengi wa Kusini wanalijua jina la Askofu Kassian Spiss, Mbenediktini aliyeuawa tarehe 14 Agosti 1905 huko Mikukuyumbu, karibu na Liwale, pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Ni wachache wanaolijua jina la mtu aliyekuwa akiitawala nchi hii siku hiyo. Wawili hao walizaliwa mwaka mmoja, 1866, askofu katika milima ya Tirol na gavana katika milima ya Silesia. Wote walifika Afrika ya Mashariki wakiwa bado vijana, na ilipofika mwaka 1905 kila mmoja alikuwa amefika kilele cha wito wake: mmoja msimamizi wa vikariati ya kitume iliyoenea kusini hadi mto Ruvuma, mwingine mwakilishi wa Kaisari wa Ujerumani. Habari za askofu zimesimuliwa mara nyingi katika mafundisho na mahubiri. Makala haya yanamhusu gavana.

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa tarehe 12 Mei 1866 katika ngome ya Scharfeneck, nchi ya Glatz, mkoani Silesia. Siku hizi sehemu hiyo imo ndani ya Poland, na ngome yenyewe huitwa Sarny. Alirithi cheo cha Graf, mojawapo ya vyeo vya makabaila wa Kijerumani, watu waliomiliki ardhi, waliotoa maofisa wa jeshi na mabalozi, na ambao milango ya ikulu ilifunguliwa kwao bila kubisha hodi. Glatz ilikuwa nchi ya Wakatoliki. Njia zake zilijaa misalaba na sanamu za watakatifu, na ukoo wa Götzen ulikuwa umejenga katika karne ya 18, kwenye ngome yao wenyewe, kanisa dogo kwa heshima ya Mtakatifu Yohane Nepomuk. Kijana Gustav Adolf alikulia katika mazingira hayo ya mali, nidhamu na sala.

Alisoma sheria Paris, Berlin na Kiel, kisha akajiunga na kikosi cha walinzi wapanda farasi, kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa daraja lake. Baadaye alipelekwa Roma, na akiwa huko ndipo alipoanza kuitazama Afrika. Mwaka 1891 alikuja kuwinda katika nchi ya Kilimanjaro. Katika zama zile, zama za Malkia Victoria wa Uingereza na za Kaisari Wilhelm, kabaila kijana aliyetaka kutajwa alikuwa na njia mbili: vita au safari. Vita havikuwapo Ulaya. Götzen akachagua safari.

Safari yenyewe ilikuwa kubwa. Mwishoni mwa Desemba 1893 aliondoka Pangani na Wazungu wenzake wawili pamoja na mamia ya wapagazi na askari, akaikata nchi kuelekea magharibi, na mwezi Mei 1894 akaingia Rwanda. Huko alikutana na mfalme Kigeli Rwabugiri, aliyekuwa hajui kwamba miaka minne kabla yake wakubwa wa Ulaya walikwisha kuihesabu nchi yake kuwa mali ya Ujerumani. Götzen aliliona Ziwa Kivu, akapanda mlima wa moto wa Nyiragongo, akapenya misitu ya Kongo, na kabla ya mwaka 1894 kwisha akatokea Matadi, karibu na bahari ya Atlantiki. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kinene juu ya safari hiyo. Kuanzia hapo alitambulika Ujerumani kama mtu anayeijua Afrika. Ni kweli aliijua kwa miguu yake, jambo ambalo magavana wengi hawakuweza kulisema. Lakini aliijua kama msafiri anayepita, ambaye kila kijiji kwake ni mahali pa kununua chakula cha msafara na kupata wa kumwonyesha njia. Tabia hiyo ya kuiona nchi kama njia ya kwenda mahali pengine haikumtoka baadaye.

Kati ya mwaka 1896 na 1898 alikuwa mwambata wa kijeshi katika ubalozi wa Ujerumani mjini Washington, na Marekani ilipopigana na Hispania mwaka 1898 alifuatana na jeshi la Marekani kule Cuba kama mtazamaji. Mke wake pia alimpata Marekani.

Malkia Victoria alifariki Januari 1901. Miezi michache baadaye, akiwa na umri wa miaka 34, Götzen alikabidhiwa utawala wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na akahamia Dar es Salaam.

Kusini aliyoikuta ilikuwa na makovu. Kilwa Kivinje katika karne ya 19 ilikuwa bandari kuu ya misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Biashara hiyo ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar, lakini utumwa wenyewe ulibaki ndani ya nyumba na mashamba. Mwezi Novemba 1895 Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya pale Kilwa Kivinje, juu ya mwembe ambao wenyeji waliuita Mwembe Kinyonga. Huko Lindi, Machemba wa Wayao aliyekataa kuwainamia alikimbilia ng'ambo ya Ruvuma mwaka 1899. Yaani mtu aliyekuwa na macho angeona kwamba utulivu wa pwani hii ulikuwa utulivu wa watu waliopigwa, si wa watu walioridhika.

Haki itendeke kwa marehemu: Götzen hakuwa mtawala mvivu, wala hakuwa miongoni mwa wale waliofurahia kupiga kwa ajili ya kupiga tu. Chini yake ilianzishwa mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, Usambara, iliyosifika duniani kote. Ujenzi wa reli kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro ulianza Februari 1905. Mwaka 1904 fedha za koloni zilipangwa upya, rupia moja ikagawanywa katika heller 100. Na kila tunaposema hatuna hela, tunalitaja bado jina la sarafu ya utawala wake. Juu ya utumwa alikwenda polepole mno kwa mtu mwenye elimu yake. Hakuufuta. Amri iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 1904 ilisema tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru, na wazazi wao wakabaki walivyokuwa.

Shida yake kubwa ilikuwa mapato. Berlin ilitaka koloni lijilipie. Wakulima wa Ulaya walikuwa kaskazini, Usambara. Kusini hapakuwa na mashamba makubwa wala reli, ila watu na ardhi yao. Hivyo likaja wazo la pamba. Kuanzia mwaka 1902 katika wilaya ya Dar es Salaam, na baadaye Rufiji, Kilwa na Lindi, kila jumbe aliagizwa kufungua shamba la pamba la pamoja, na watu wa kijiji kulilima kwa zamu. Kwenye karatasi ilikuwa siku 28 kwa mwaka kwa kila mtu, na faida igawanywe kati ya wakulima, jumbe na serikali ya wilaya. Msomaji aliyewahi kulima anajua kwamba pamba haifuati karatasi. Inataka kupaliliwa wakati uleule ambao mpunga na mtama vinataka kupaliliwa, na kuvunwa wakati uleule ambao nguruwe na nyani wanavamia mashamba ya chakula. Siku zikazidi. Akida akasimama kichwani mwa shamba na askari wake, na aliyechelewa alilazwa chini akapewa hamsa ishirini, yaani viboko 25, hesabu iliyoingia katika lugha yetu na haijatoka. Malipo yalipokuja yalikuwa madogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuyapokea. Juu ya hayo, mwezi Machi 1905 serikali ikatoa sheria mpya ya kodi, rupia 3 kwa fedha taslimu, na asiyekuwa nazo alipe kwa kazi.

Gavana alikuwa na taarifa. Tatizo ni kwamba taarifa zilimfikia zikiwa zimepangwa katika safu za mapato na matumizi, na katika safu hizo pamba ilikuwa ikiongezeka.

Wakati huohuo, huko Ngarambe, upande wa mto Rufiji, alikuwapo mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Mwaka 1904 ilisemekana kwamba alichukuliwa na pepo, akazama katika bwawa na kutoka siku ya pili akiwa mkavu. Watu walimwendea kwa makundi kutoka Umatumbi, Ungindo na Rufiji. Aliwapa dawa, maji yaliyochanganywa na nafaka, akawaambia kwamba wote ni watu wa ukoo mmoja na kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Kwetu sisi wakristo ni rahisi kucheka ahadi hiyo, au kuilaani. Tuangalie lakini ilifanya nini: makabila ambayo hayakuwahi kukaa chini ya mkuu mmoja, ambayo Makunganya na Machemba hawakuweza kuyaunganisha, yalipata kwa mara ya kwanza neno moja la kukubaliana. Walichokuwa wakikitafuta kwa Kinjikitile hakikuwa mizimu tu. Walitafuta njia ya kutoka.

Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Matumbi, waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche. Kabla ya mwezi kwisha akida wa Kibata alikuwa amekimbia na Samanga, karibu na pwani, ilikuwa imechomwa moto. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro. Vita havikuzimika, vilienea. Katikati ya Agosti boma la Liwale lilianguka na walinzi wake waliuawa.

Ilikuwa katika siku hizohizo Askofu Spiss alipofika Kilwa kwa meli na kushika njia ya Liwale, akielekea Peramiho, misioni aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1898. Pamoja naye walikuwa Bradha Andreas Scholzen, Bradha Gabriel Sonntag, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert. Waliuawa wote kule Mikukuyumbu. Mwishoni mwa Agosti misioni ya Nyangao na ile ya Lukuledi zilichomwa, Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha Nyangao, na wamisionari waliosalia walikimbilia Lindi mjini. Wamisionari Waanglikana wa Masasi nao walilazimika kuihama misioni yao na kushika njia ya pwani. Waliouawa hawakuwa na silaha za vita, wala hawakuwa wamemtoza mtu kodi. Hata hivyo hatutakuwa wakweli tukinyamaza juu ya jambo moja: kwa mtu wa Liwale au wa Nyangao aliyekuwa na alama za kiboko mgongoni, Mzungu wa boma na Mzungu wa misioni walizungumza lugha moja, walikuja kwa meli moja na walipandisha bendera moja. Kosa la kutowatofautisha halikuwa la mwanakijiji peke yake.

Dar es Salaam, Götzen mwanzoni alidhani ni fujo za wilaya moja. Alipotambua ukubwa wake alitaka msaada kwa simu ya bahari, na zikaja meli za kivita, miongoni mwake Bussard na Thetis, zikashusha wanajeshi wa majini Kilwa, Lindi na kwingineko. Miji ya pwani ikawa salama. Bara ilikuwa jambo jingine. Wapiganaji walipokutana na bunduki za mtambo, kama ilivyotokea Mahenge tarehe 30 Agosti, waliona kwamba maji hayakuwakinga, wakaacha kushambulia maboma kwa makundi. Wakageukia misitu, mapango na vilima ambavyo Mjerumani hakuvijua. Askari walifika kijijini wakakikuta kitupu. Wakiondoka, wenyewe wanarudi. Viongozi kama Abdalla Mapanda wa Wangindo waliweza kupigana kwa namna hiyo zaidi ya mwaka mzima.

Hapa ndipo penye kiini cha maisha ya Götzen, na hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie kidogo.

Mwezi Oktoba 1905 kapteni mmoja aliyekuwa vitani, Wangenheim, alimwandikia gavana kwamba vita vya bunduki pekee havitawashinda watu hawa, na kwamba ni njaa tu itakayowafanya wasalimu amri. Wazo lenyewe halikuwa geni. Majeshi ya kikoloni yalikuwa yamelitumia mahali pengi, na hata katika nchi hii ukoo wa mkaidi ulizoea kuchomewa ghala. Lakini jambo la kapteni kuwaza ni moja, na jambo la gavana kulifanya kuwa mpango wa serikali ni lingine. Götzen alituma vikosi vitatu vikubwa kusini. Kazi yao haikuwa kutafuta mapambano, maana mapambano hayakupatikana. Walichoma vijiji, walibeba au kuteketeza nafaka, waling'oa mazao yaliyokuwa shambani, na waliwazuia watu kupanda mvua zilipoanza. Waliotaka amani waliambiwa walete silaha zao na viongozi wao kwanza.

Tuseme wazi maana ya hayo katika nchi hii. Novemba na Desemba ni miezi ya kutayarisha shamba na kupanda. Mbegu ndizo chakula cha mwisho ambacho mama huweka juu ya dari, moshi uzilinde na wadudu. Mwenye kuchoma nyumba anachoma chakula cha mwaka huu na cha mwaka unaokuja. Aliyekufa kwa risasi alikuwa mwanaume aliyebeba mkuki. Aliyekufa kwa njaa alikuwa mtoto, mjamzito, kikongwe, na pia jirani ambaye hakunywa maji ya Ngarambe wala kung'oa mche wa pamba. Kapteni kijana porini anaweza kujidanganya juu ya hayo. Götzen alikuwa ameivuka Afrika nzima na mamia ya wapagazi, akihesabu kila siku chakula cha kila mtu. Alijua njaa ni nini, tena kwa hesabu.

Naye hakuwa mtu asiye na dhamiri ya kuuliza. Mwishoni mwa mwaka huohuo aliunda tume ya kuchunguza asili ya vita, na tume hiyo ilisikia habari za pamba, kodi na maakida. Lakini kutoka katika yote hayo gavana alibaki na maelezo yaliyomfaa: kwamba waganga waliwadanganya watu wajinga, na kwamba Mwafrika wa kale aliinuka dhidi ya maendeleo. Maelezo hayo yaliwafaa wengi. Yaliifaa Berlin, kwa sababu hayakuhitaji kubadilisha sera. Yalitufaa hata sisi katika Kanisa, kwa kuwa yaliifanya damu ya misioni kuwa damu iliyomwagwa na upagani peke yake, na kwa miaka mingi simulizi zetu ziliyafuata bila kuuliza zaidi.

Mwezi Aprili 1906 Götzen aliacha utawala kwa sababu za afya na kurudi Ujerumani. Vita vilikuwa bado havijaisha kabisa. Abdalla Mapanda alipigwa risasi Januari 1907. Aliyemrithi gavana, Albrecht von Rechenberg, alikuwa amewahi kuwa konsuli Zanzibar na alisema Kiswahili. Aliacha mpango wa pamba ya lazima na akaamini kwamba mkulima akiachwa alime anachojua atalipa kodi bila kusukumwa. Kwa maneno mengine, yaliyokuwa yakidaiwa na watu wa Nandete mwaka 1905 yalikubaliwa kwa sehemu na mkabaila mwingine, mwaka mmoja baadaye, baada ya nchi kuwa tupu.

Ujerumani kwenyewe kulikuwa na waliouliza. Chama cha Wakatoliki bungeni, hasa kwa sauti ya mbunge kijana Matthias Erzberger, kilishambulia vikali uendeshaji wa makoloni na gharama za vita, hata Bunge likavunjwa Desemba 1906 na uchaguzi kuitishwa. Makoloni yakapewa wizara yao yenyewe chini ya Bernhard Dernburg, ambaye mwaka 1907 alikuja kujionea Afrika ya Mashariki. Lakini hakuna mahakama wala tume iliyomwita Götzen kueleza juu ya chakula kilichochomwa. Mwaka 1908 aliteuliwa kuwa balozi wa Prussia katika miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck, kazi ya heshima na ya utulivu. Mwaka 1909 alichapisha Berlin kitabu chake juu ya vita, akisimulia yeye mwenyewe kama kamanda. Kwa muda mrefu wanahistoria waliotaka kujua yaliyotokea Kilwa na Lindi walilazimika kuanza na kitabu hicho.

Hata hesabu ya waliokufa ilianza naye. Taarifa ya kwanza ya serikali ilitaja Waafrika 26,000. Baadaye serikali yenyewe ikapandisha hadi 75,000. Mwanahistoria Mtanzania Gilbert Gwassa, aliyezunguka Umatumbi na kwingineko akiwasikiliza wazee walioshuhudia, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, theluthi moja hivi ya watu wa eneo lile, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa na maradhi yanayofuatana nayo. Upande wa Wajerumani hesabu haikubishaniwa: Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi Waafrika 316. Hao wa mwisho, tusisahau, walikuwa nao watoto wa nchi hii.

Misioni zilijengwa upya. Badala ya Nyangao kubaki kituo kikuu, Wabenediktini walifungua Ndanda mwaka 1906, chini ya mlima wenye chemchemi, na kutoka hapo shule, hospitali na parokia nyingi zikazaliwa. Watu waliokuja Ndanda miaka ile ya kwanza wengi walikuwa masalia wa njaa. Injili ilihubiriwa kwa watu waliokuwa wamezika nusu ya nyumba zao, na huenda hilo linaeleza mengi juu ya upole na ukimya wa imani ya wazee wetu, kuliko tulivyozoea kufikiri.

Gustav Adolf von Götzen alifariki Hamburg mwanzoni mwa Desemba 1910, akiwa na umri wa miaka 44. Miaka mitatu baadaye kiwanda cha meli cha Papenburg kiliunda meli kwa ajili ya Ziwa Tanganyika na kuipa jina lake. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe na adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Vizazi vya wasafiri wa Kigoma na Mpulungu wameipanda bila kumtaja gavana.

Huku kwetu alama yake haikuwa na jina la kufuta. Kati ya Liwale na Rufiji, mahali palipokuwa na mashamba ya Wangindo, msitu ulirudi, na tembo wakafuata msitu. Nguruwe na nyani walikuwa wengi kuliko walinzi wa shamba, mbung'o wakaongezeka, na familia zilizosalia zikasogea kuelekea pwani au Masasi. Katika miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza iliwahamisha wengi wa waliobaki, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na ardhi yao ikaingizwa ndani ya pori la akiba la Selous. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wageni wanaoingia kuangalia tembo huambiwa kwamba wanaona Afrika ambayo haijaguswa na mtu.